Nani Amsaidie Kupiga Kura

Msuka vikapu alipopofuka, mkewe ndiye aliyekuwa akimwekea alama kwenye karatasi ya kura. Kwa hiyo pendekezo la kuwakataza jamaa kuwasaidia wapiga kura lilipojadiliwa ukumbini, alisimama kulipinga.

"Mke wangu ndiye macho yangu," alisema.

Jirani yao kinyozi akadakia, "Shemeji tunamheshimu, lakini unajuaje anaweka alama unapotaka wewe?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Msuka vikapu naye akacheka, ila kicheko kikamkauka mdomoni.

Njiani, mkewe akiwa amemshika mkono, alishindwa kuvumilia. "Mama watoto, huwa unaweka ninapokuambia?"

Mkewe akamwachia mkono. "Miaka yote hii, leo ndiyo unaniuliza?"

Pendekezo lilikataliwa. Siku ya kura mkewe alimfikisha mlangoni, akamwita karani amsaidie, yeye akabaki nje.