Pampu Mpya na Simba wa Kreta

Nichekeni leo, yaishe. Mimi ni dereva wa watalii hapa Karatu. Wiki iliyopita nilitoa kwenye gari langu ile pampu ya maji ya kupoza injini, inayozungushwa na mkanda, nikafunga ya umeme. Kijiweni nilijigamba mpaka dereva mwenzangu Qamara akaniomba ninyamaze: "Hii haitegemei injini! Hata ukizima gari, inaendelea kupoza yenyewe!"

Juzi nikashuka nayo kreta ya Ngorongoro. Wageni wangu, mume na mke, walikuwa hawajaona simba tangu waje, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yao ya mwisho. Penye nyasi ndefu nikazima injini tusikilize. Tukasikia muungurumo wa chini chini, usiokatika.

"Simba huyo, amelala anakoroma," nikawanong'oneza. Miaka yote hii ndani ya kreta, nimsikie simba nisimjue? Nikawaita wenzangu kwa redio. Magari yakajaa, injini zikazimwa, kamera zote zikaelekea kwenye nyasi. Mama mgeni akaanza kulia kwa furaha.

Qamara, aliyekuwa ameegesha ubavuni kwangu, akatega sikio. Kisha akaongea redioni, madereva wote wakimsikia: "Kaka, hebu sogea mbele kidogo."

Nikawasha, nikasogea mpaka mwisho wa zile nyasi, nikazima.

Simba naye akawa amesogea.

"Kweli, kaka," Qamara akasema redioni, "haitegemei injini kabisa."