Gurudumu la Baiskeli Ukutani

Mama mkwe alipofariki, kila mtu pale nyumbani alilia isipokuwa mimi. Si kwamba sikumpenda. Mume wangu alikuwa ametangulia mwaka mmoja nyuma, na tangu tumzike nilikuwa nimekufa ganzi. Hata ungenimwagia maji ya moto ningekuuliza tu unataka nini. Nilipika, nikasugua masufuria ya msiba, nikakunja mikeka ya watu. Wifi yangu alinitazama akasema, "Wewe una moyo wa jiwe." Nikamkabidhi begi lake. Alikuwa anawahi basi.

Watu walipotawanyika tukabaki wawili, mimi na baba mkwe. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana sisi Wanyakyusa mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Hamwangalii usoni, haongei naye, na wakikaribiana njiani mmoja anaingia kwenye migomba. Siku hizi wengi wameacha, wanakaa kochi moja wanaangalia taarifa ya habari, na mchungaji wetu haoni ubaya wowote. Lakini mzee alikuwa wa zamani, na mimi niliolewa pale nikaukuta mwiko nikaushika. Hata picha za harusi yetu mzee hakupigwa. Miaka kumi na tisa nilimjua kwa mgongo, kofia na kikohozi. Alikohoa kabla ya kukatiza uani, nami nikajificha jikoni hadi apite.

Chakula chake nilipika mimi, akapeleka mama mkwe. Sasa mpelekaji hayupo. Binti yangu yuko bweni Mbeya. Jirani alinisaidia siku mbili tatu, halafu msimu wa mpunga ukaanza, naye akahamia shambani kama wengine. Na mzee wa watu lazima ale.

Jiko la mama mkwe na chumba cha mzee vinatenganishwa na ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma. Nilikaa kwenye kigoda nikautazama ule ukuta siku nzima. Kesho yake nikachomoa matofali sita. Nikachukua gurudumu la nyuma la baiskeli ya marehemu mume wangu, nikalilaza kwenye lile tundu, ekseli yake nikaikita kwenye kipande cha gogo. Juu nikafunga duara la plaiwudi, na katikati ya duara nikasimamisha ubao wa kuziba tundu. Naweka sahani upande wangu, nasukuma, sahani inazunguka inatokea kwake. Hanioni, simwoni. Fundi baiskeli alipokuja kuliangalia alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, kitu hiki ungeuza," akasema. Nikamwambia aipake ekseli girisi aende zake.

Siwezi kusema nilifurahi. Mikono ilikuwa imepata kazi, basi, na ilipomaliza hiyo ikataka nyingine. Nikahamia kwenye joto. Joto la Kyela mwezi wa kumi na moja halina adabu. Unaoga, unajifuta, unalowa tena hapo hapo, na chumba cha mzee kilikuwa bati tupu. Nikamlipa fundi ujenzi aingie yeye, mimi nikiwa nje namwelekeza kwa kupaza sauti. Akatandaza dari ya mianzi, juu yake tukapanga viroba vya pumba za mpunga. Kule kwenye mashine ya kukoboa wanakupa bure, wanashukuru kwa kuwaondolea uchafu. Bati tukalipaka chokaa. Dirishani tukatundika gunia la katani, ncha yake ikilala kwenye beseni la maji ili linyonye lenyewe na kila upepo upite penye unyevu. Maji yake ya kunywa nikayaweka kwenye mtungi wa Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, nikauzungushia mchanga mbichi.

Watu wakaanza kuja kutazama. Mama mmoja alitoka Ikolo, akapima gurudumu langu kwa kijiti, akaondoka na kijiti chake. Wote walisema mzee ana bahati kupata mkamwana wa aina hii. Nilikubaliana nao, kwa sababu sahani zilikuwa zinarudi tupu. Wali, ndizi, dagaa wetu wa usipa wa kukaanga, vyote vilikombwa, na kila mara aligonga ubao mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa *ndaga* yake, asante ya kwetu. Kuku walikuwa wamehamia mlango wake wa nyuma. Niliwaona, nikawafukuza wasije wakala mpunga niliouanika, sikuwaza zaidi ya hapo.

Siku moja ya Januari, saa saba mchana, nilisukuma sahani, ikaenda, sikusikia kitu. Nikakohoa. Kimya. Nikagonga kifuniko cha sufuria. Kimya. Nikatoka kuita majirani, nyumba zote zimefungwa, watu wako mabondeni kwenye mpunga. Nilisimama mlangoni kwake muda mrefu, naona aibu kuusema ulivyokuwa mrefu. Kisha nikaingia.

Ndani mlikuwa na ubaridi mzuri kabisa. Mzee alikuwa sakafuni kando ya kitanda, amekonda, shati lake lingetosha watu wawili kama yeye. Karibu na mlango wa nyuma palikuwa na karai, ndani yake wali wangu wa jana, na kuku wawili wanadonoa.

Sikuhitaji kuelezwa. Kwetu, sahani ya mkwe ikirudi na chakula, mkamwana amekataliwa. Wifi angesikia, ukoo ungesikia, ningefungashiwa virago. Chakula kilikuwa hakimpiti kooni tangu amzike mke wake, na hakutaka lawama iniangukie mimi, basi akawalisha kuku. Mama mkwe angejua siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nimejenga kitu kizuri sana cha kunizuia nisimwone.

Aliposikia hatua zangu, mkono wake ulipapasa kitandani, ukavuta shuka, akajifunika uso.

"Toka, mwanangu," akasema chini ya shuka. "Utapata kosa."

"Maji kwanza, baba," nikasema. Nilikuwa sijawahi kumwambia neno.

Alikuwa anahema, shuka inaingia mdomoni na kutoka. Nikaishika. Akaing'ang'ania, lakini nguvu hakuwa nazo. Nikaivuta.

Alikuwa mume wangu. Pua ile ile, nyusi zile zinazokutana, jino lile la mbele lililopishana na wenzake, isipokuwa ndevu zilikuwa nyeupe na mashavu yameingia ndani. Hakuna aliyewahi kuniambia wanafanana. Nadhani kila mtu alidhani najua. Nikampakata kichwa mapajani, nikamnywesha maji kijiko kwa kijiko, na kilio cha mwaka mzima kikanitoka kwa sauti, nikashindwa kukizuia. Yeye alifumba macho kwa heshima yangu, hakuyafumbua hata kidogo. Alidhani nalia kwa sababu ya wali. Kila alipomeza alipumzika kidogo, akaniambia taratibu kwamba chumvi ilikuwa inatosha, mapishi yangu hayakuwa na ubaya wowote.