Kiwanda Kwenye Shamba la Mama

Mpaka leo nikipita Maungu natazama upande wa pili wa barabara. Sitaki kukiona kile kiwanda cha chuma, ingawa ni kizuri, nakubali. Hakitoi moshi. Tanuri lake ni la umeme, na umeme wenyewe ni wa jua. Wageni hupiga picha pale wakisema hewa ya Taita imeokoka. Hewa imeokoka, sawa. Na watu je?

Lilikuwa shamba la mama, la mbaazi na ndengu. Afisa wa kampuni alikuja akakalia kiti chetu, akanywa chai yetu, akaahidi kwamba kila boma lililotoa ardhi lingepata kazi ya kudumu. Kwa ahadi hiyo dada yangu akaenda chuo cha ufundi Voi kusomea kuchomelea vyuma. Akafaulu, tena vizuri.

Kazi zilipotoka, mafundi walishuka kwenye mabasi kutoka mbali. Dada akapewa ufagio. Alipouliza, akaambiwa hana uzoefu. Angeupata wapi, kwenye ndengu? Nilitukana siku hiyo na sijutii hata neno moja.

Kisha wakatuhitaji. Ufunguzi ulikaribia, na mzee mmoja wa ukoo wetu, rafiki wa yule afisa, akamwonya kwamba penye kinyongo cha mzazi hapana baraka. Kwetu Dawida, hapa Taita, kuna kutasa: mwenye hasira hupiga funda la maji, huyapuliza nje huku akiomba mema, na hasira hutoka nayo. Akishatasa, hana neno tena. Hawezi kudai wala kunung'unika mbele za watu. Hilo la mwisho afisa alilipenda sana.

Wakamwita mama mbele ya hema la wageni. Dada alisimama nyuma yetu na koti lake la kufagilia. Nilimsihi mama akatae, akaninyamazisha kwa jicho. Miaka yote hii, na bado tunatakiwa sisi ndio tusamehe kwanza!

Mzee akampa kikombe cha maji. Afisa akainamisha kichwa, tayari kubarikiwa.

"Tasa, mama," mzee alisema. "Toa kinyongo, kazi zitakuja."

Mama akapiga funda, mashavu yakajaa. Akageuka, akamtazama dada kwa muda mrefu. Watu wote walisubiri ayapulize maji.

Akayameza.