Waliolitoa Mtaroni Gari la Yustus

Mume wangu Yustus hajui kugomba. Vero wetu sasa ana watoto wake, na miaka yote hiyo sijamsikia baba yake akipaza sauti hata kwa mbuzi aliyeingia shambani. Anamwambia mbuzi, "Toka, bwana." Mbuzi anaendelea kula. Anayetoka na mwiko ni mimi.

Hapa Bweranyange watu wanamjua kwa Noa yake. Aliendesha magari ya watu tangu ujana, akavuna kahawa, akaweka akiba, mwisho tukakopa kampuni moja ya mjini tukanunua la kwetu. Siku ya gulio anapeleka watu Nkwenda, siku nyingine anapeleka wagonjwa Nyakahanga. Mama akishikwa na uchungu, simu ya kwanza inapigwa kwetu. Ukifika wakati wa nauli unasikia, "Baba Vero, kahawa ikilipwa nitakuona." Naye anajibu, "Sawa." Sawa, sawa, mpaka na sisi tukashindwa kupeleka marejesho ya mkopo. Kahawa ilichelewa kulipwa mwaka ule, na kampuni haikutaka kusikia habari za kahawa.

Wakaja mchana, wingu limefunga. Mmoja alikuwa Cleophace, afisa wa kampuni, kijana wa viatu vilivyochongoka. Mwingine alikuwa Egbert, dereva wa lori lao la kuvutia magari. Nikajua wamefuata nini kabla hawajazima injini.

Yustus akawapokea kama wakwe. "Karibuni, karibuni. Mmekula?" Nikamvuta pembeni. "Baba Vero, hawa wamekuja kuchukua gari!" Akasema, "Najua. Lakini wametoka mbali." Basi ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage niliyopika kwa ajili yetu wakala wao. Niliwaandalia, ningefanyaje, ila sufuria niliziweka chini kwa kishindo ili wajue. Egbert, maskini, alikula akiangalia chini. Cleophace aliomba aongezewe.

Baada ya kula Yustus akawapa funguo mwenyewe. Cleophace akasema hapana, ameagizwa livutwe, lisiendeshwe. Wakalizunguka, wakaliona zima, wakalinyanyua mbele kwa mnyororo. Yustus akainama akautazama ule mnyororo. "Jamani, umelika hapa. Na kona ya kule chini mvua ikinyesha panateleza." Cleophace akamwambia asijali, hiyo ndiyo kazi yao.

Mvua ikaanza. Lori likaondoka taratibu na Noa yetu nyuma, na mume wangu akavaa mabuti akalifuata kwa miguu. Nikasimama mlangoni nikapiga kelele, "Unakwenda wapi?"

"Nawasindikiza wageni," akasema.

Mungu wangu! Nilicheka kwa hasira mpaka machozi yakanitoka. Mtu ananyang'anywa gari, halafu analisindikiza!

Pale konani mnyororo ukakatika. Noa ikadondoka, ikateleza, ikaingia mtaroni kwa pua. Bampa likapasuka, taa zikavunjika, rejeta ikamwaga maji yote. Nilivisikia vyuma nikiwa nyumbani, nikafikiri mume wangu yuko chini yake. Nikakimbia bila viatu. Nikamkuta mzima, amesimama juu ya tuta, mikono mdomoni, anapiga enduru.

Enduru kwetu ni ukelele wa hatari. Ukiusikia unaacha jembe, unaacha chungu motoni, unakimbia. Huulizi ni nyumba inaungua au ni mwizi, utajua ukifika. Basi wakaja. Wakatoka migombani kila upande, wameng'oa miti wanayoegemezea migomba yenye mikungu, wakaingia mtaroni kwenye matope. Wakaingiza miti chini ya gari, wakaimba, wakainua. Egbert akafunga mnyororo upya kwa waya, lori likaenda zake. Yustus akarudi ana tope mpaka masikioni.

"Wamefika barabara kubwa salama," akaniambia.

Nilimchotea maji ya kuoga.

Kahawa ilipolipwa tukamaliza yote tuliyochelewesha, Yustus akaenda mjini kuchukua gari lake. Akarudi kwa bodaboda. Noa ilikuwa uani kwa kampuni vilevile ilivyotoka mtaroni, pua imebonyea, haiwaki. Walimwambia achukue hivyo hivyo au aache. Eti gari lilivunjwa na wanakijiji kwa miti yao, kampuni haihusiki. Akaniambia hayo yote kwa sauti ileile ya kumfukuza mbuzi. Wiki hiyo binti mmoja wa jirani alijifungulia njiani, juu ya bodaboda. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Yustus aliposikia hakula.

Nikaenda mimi kwa mtendaji wa kata, mama mmoja anaitwa Ankunda. Akawaita watu wa kampuni, wakaja Cleophace na Egbert. Tukakaa ofisini kwake.

Cleophace akaeleza vizuri sana, kama mtu aliyefanya mazoezi. Gari liliteleza kidogo tu, kisha watu wakaja na miti bila kuombwa wakaliharibu. Ankunda akamgeukia mume wangu. "Mzee, ni kweli?"

Na yule mtu wangu, badala ya kusema kwamba huo ni uongo mtupu, akakuna kichwa. "Miti ilikuwepo. Siwezi kusema haikugusa mahali."

Nilitamani ardhi inimeze. Cleophace akatabasamu. Akafungua kalamu, akasogeza kiti.

"Basi tusaidiane, mzee. Nitajie waliokuwa na miti. Majina tu. Sisi tutalitengeneza gari lako lote, tutakuletea mpaka nyumbani. Gharama tutawadai wao. Wewe hutatoa hata shilingi."

Nitasema ukweli: moyo wangu uliruka. Gari langu! Nilikuwa na majina yote mdomoni, nani alishika wapi, nani aliimbisha. Nikamwangalia Yustus.

Yustus alikuwa amesimama. "Niliwaita mimi!" Sauti iliyotoka sikuijua. Kuku walikimbia nje ya ofisi. "Wale watu niliwaita mimi! Nilipiga enduru, wakaja, hawakuuliza gari ni la nani! Leo niwatoe wakalipe? Kesho nyumba yangu ikiungua nimwite nani? Nikuite wewe?"

Cleophace akasema, "Mzee, tulia."

"Situlii! Andika Yustus. Hilo ndilo jina ninalolijua. Na gari kaa nalo!"

Akachukua kofia akatoka. Nikamfuata mbio, nalia, na kwa kweli sijui nililia kwa sababu ya gari au kwa sababu yake. Njia nzima nilinyamaza, jambo ambalo hata majirani walilishangaa.

Ankunda aliwaambia watu wa kampuni wasubiri mpaka kesho. Mambo ya ofisini hayakai ofisini. Jioni kata nzima ilikuwa inajua.

Asubuhi mtendaji alituita tena, na tulipofika tulikuta watu wamejaa uani kwa mtendaji. Mwesigwa alikuwa mbele. "Andika," anamwambia Cleophace. "Mwesigwa. Nilishika mti upande wa kulia. Nilipofika gari lilikuwa mtaroni, rejeta inavuja." Akafuata Placida, mjane wa jirani yetu. "Andika. Nilisukuma kwa mgongo. Taa nilizikuta zimevunjika." Wakaja mmoja mmoja, kila mtu na jina lake, kila mtu na alichokikuta. Cleophace aliandika, baadaye akawa anasikiliza tu.

Ankunda akamwuliza Egbert, "Na wewe kijana?"

Egbert akasema, "Mnyororo ulikatika, mama. Mzee alituonya. Hawa walikuja baadaye."

Yustus alikuwa karibu na mlango, anafuta macho kwa kofia.

Wa mwisho alikuwa mzee Tukahirwa, babu wa watu wengi hapa, ameshikwa mkono na mkwewe. Tulimpisha, tukamwamkia shikamoo wote. Akasimama mbele ya meza.

"Andika Tukahirwa."

Cleophace akaitazama miguu yake dhaifu. "Shikamoo za wote umeziitikia, babu, lakini wewe ulikuwepo kweli?"

"Sikuwepo. Nilikuwa nimelazwa Nyakahanga. Yustus ndiye aliyenipeleka."

"Sasa nikuandike kwa lipi?"

"Kwa kuwa ningekuja," mzee akasema. "Andika."

Cleophace akafunika kalamu. Akatoka nje kupiga simu kwa wakubwa wake, na aliporudi alisema kampuni italitengeneza gari kwa gharama yake.