Fundi Mizani na betri iliyosema uongo

Saa tatu asubuhi, Fundi Mizani anaweka betri nene kama kidole gumba juu ya mizani ya kupimia hamira. Anasubiri sindano itulie. Gramu arobaini na tano. Anaandika 45 ubavuni mwa betri kwa kalamu ya wino mzito, anaiweka kulia. Inayofuata ni gramu ishirini na nane. Hiyo inakwenda kwenye kopo la kushoto.

"Debe tupu," anasema. "Ona chaji inayojinadi nayo: elfu tisa na mia tisa! Betri ya kweli ya umbo hili haifiki hata elfu nne."

Mizani ni ya wifi yake, mwokaji wa mikate wa chumba cha pili, ambaye sasa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wifi, mkate wangu ukinuka waya, utaula wewe mwenyewe."

"Leta tu, wifi. Huenda ukanijaza chaji."

Wanacheka, lakini fundi hatulii. Mikono iko kazini, masikio yako barabarani. Leo kuna betri zake mbili zinazofanya mtihani kiunoni kwa mwalimu.

Mwalimu huyo wa darasa la pili alikuja kwake wiki tatu zilizopita akiongea kwa kunong'ona. Koo lake liliumia, daktari akamkataza kupaza sauti mwaka mzima, na darasa lina watoto sabini na wawili. Mwalimu mkuu alimpa hadi mwisho wa mwezi: apate njia ya kusikika, la sivyo atahamishiwa stoo kutunza vitabu.

Aliomba spika ndogo ya kuvaa, yenye chaji ya kutosha kuanzia saa mbili hadi saa saba mchana.

Fundi alijifunza kazi kwa mjomba wake, mtengeneza redio, na kisanduku cha spika hakikumpa shida. Shida ilikuja kwenye betri.

"Nilikuwa nazo mbili," anakumbuka. "Moja imeandikwa elfu mbili na mia sita, nyingine elfu tisa na ushei. Nani angechukua ndogo? Nikachagua kwa macho."

Spika ilikata roho katikati ya kipindi cha pili. Mwalimu akaendelea kwa kunong'ona, na watoto, wakidhani ni mchezo, wakamjibu kwa kunong'ona nao.

"Alinirudishia bila kunigombeza," anasema fundi, akiangalia meza. "Sauti ya kunigombeza angeitoa wapi?"

Aliyemfungua macho ni wifi. Alizishika zile betri mbili, moja kila kiganja, kama anavyopima madonge ya unga.

"Hii mbona nyepesi? Kama mkate uliojaa hewa!"

Tangu siku hiyo maandishi hayamdanganyi tena. Betri hupimwa uzito kwanza. Kisha huchajiwa na kulazwa siku saba. Ikipungua yenyewe, haifai. Mwisho huwashiwa balbu ya tochi, naye anahesabu saa ukutani. Ikipata joto, anaitoa. Kati ya betri ishirini alizofungua kwenye kompyuta mbovu, sita tu zilifaulu, na mbili bora ndizo alizompa mwalimu jana.

Saa sita, hakuna habari. Saa saba, fundi anaacha kupima. Wifi naye ameacha unga wake, amekuja kukaa kwenye kigoda.

Ghafla, kutoka ng'ambo ya barabara:

"HODI KWA FUNDI!"

Wapita njia wanageuka. Wifi anaruka, "Yallah!" Mwalimu anavuka taratibu, kisanduku kiunoni, maikrofoni kwenye ukosi, midomo ikisogea kidogo tu.

"Vipindi vyote?" fundi anauliza, akiinuka.

"Vyote. Na mwalimu mkuu alikaa nyuma ya darasa hadi kengele. Amesema vitabu vya stoo vitafute mtu mwingine."

Fundi anakaa chini, anajifuta uso kwa kitambaa chenye masizi na kujipaka weusi shavuni. Hajali. Mpango wake sasa ni kununua mizani yake mwenyewe, maana walimu wengine wawili wameshaulizia spika.

"Haraka basi, wifi," mwokaji anadakia, "wiki mbili natia hamira kwa kukisia."

Mwalimu anainama kumnong'oneza fundi asante yake ya siri. Amesahau kuzima. Mtaa mzima unaisikia.