Makava ya Lada ya Tirfe

Asegedech aliamka akiwa amechoka. Uchovu wenyewe haukuwa wa usiku mmoja. Ulikuwa umerundikana tangu alipoolewa na Tirfe pamoja na teksi yake, Lada ya bluu na nyeupe, na siku hizi mtu akimuuliza ni mkono gani unaomuuma, yeye humwonyesha yote miwili.

Pale mtaani Kolfe kila mtu alijua kwamba teksi ni ya Tirfe, ila viti ni vya mkewe. Kila wiki Asegedech aliyavua makava, yale mekundu ya mahameli ambayo sasa yalikuwa na rangi ya ini, akayakung'uta, akayaloweka, akayasugua. Kisha akaingia garini kwa magoti na brashi, akasugua kitambaa cha kiti chenyewe pamoja na sponji iliyo ndani yake, maana uvundo hukaa chini. Abiria wa Addis Ababa huacha kila kitu. Sikukuu zikija, kondoo hupanda kiti cha nyuma na mwenyewe huketi mbele. Mama aliyetoka kujifungua hurudishwa nyumbani akiwa amepakwa siagi kichwani kwa desturi, akalaza kichwa kwenye kiti, na jua likiwaka siagi ikayeyuka na kuzama ndani ya kitambaa. Mchuzi mwekundu wa kuku, mate ya walevi, majani ya miraa. Yote hayo yalipita mikononi mwa Asegedech, na Tirfe akapata sifa kwamba gari lake linanukia limau.

Na sifa zilimlevya, tuseme ukweli. Magari mapya yalijaa kituoni, lakini wapo wazee waliosubiri Lada yake kwa sababu viti ni safi. Binti yao Mahlet alikuwa na kazi nzuri na alishasema atawatunza. Fundi Shibru wa gereji ya jirani alishakuja mara nyingi kulitaka gari alikate vipuri. Tirfe alimpa kahawa, akamjibu jibu lile lile.

"Siku viti hivi vikifa, Shibru, siku hiyo nami nashuka. Mpaka hapo, kunywa kahawa yako uende."

Asegedech ndiye aliyekuwa akimimina kahawa hiyo. Kwa hiyo alijua vizuri kabisa kwamba yeye mwenyewe, kwa brashi yake, ndiye anayeviweka hai viti vinavyommaliza. Alishajaribu kusema. Alisema maji ni baridi, alisema mgongo unauma, na Tirfe akamletea sabuni bora zaidi.

Ikafika siku ya moshi, mwezi wa Hidar, siku ambayo mji mzima huchoma taka ili maradhi yaondoke na moshi. Siku hiyo kinachokutwa kimerundikwa getini huchomwa bila kuuliza ni cha nani. Ndiyo siku ya Mikaeli pia, kwa hiyo Tirfe alijifunga gabi lake jeupe, shuka zito la pamba, akaenda kanisani kwa miguu. Asegedech akavua makava, akayaviringisha, akayaweka chini kando ya geti ili ayapeleke bombani, kisha akarudi ndani kuchukua beseni.

Mimi sisemi alifanya makusudi. Aliapa baadaye kwamba kichwa chake kilikuwa kizito na aliisahau siku, nami namwamini. Lakini alipotoka na beseni alimwona jirani yake Zenebech, mjane mwenye juhudi za kupita kiasi katika mambo ya usafi, akiyanyanyua makava kwa ncha ya fimbo, uso ameukunja, akiyasogeza kwenye moto. Palikuwa na nafasi ya kuita. Jina tu lingetosha. Asegedech alisimama na beseni kiunoni, akayatazama makava yakipinda, yakatoa moshi mweusi wenye harufu ya siagi ya vichwa vya watu. Hakuita. Moyo wake ulikuwa mwepesi mpaka akaogopa.

Tirfe aliporudi, Zenebech alishaambiwa kilichokuwa ndani ya moto na alikuwa analia, anajipiga kifua, anataka kulipa. Tirfe angemfanya nini? Moto ule ni wa afya ya wote. Akamtuliza mjane wa watu, kisha akaenda kulizunguka gari, akaviangalia viti vilivyo uchi, vimechanika, springi zinachungulia. Asegedech alingoja. Kichwani alikuwa ameshaisikia sauti ya Shibru akihesabu vipuri.

Mumewe akavua gabi lake. Akalitandika kwenye kiti cha nyuma, akalipapasa likakaa sawa, akafurahi mwenyewe.

"Umeona, mama Mahlet? Limependeza kuliko yale."

Asegedech alilitazama gabi lile. Jeupe. Kava jekundu lilikuwa likimstahi kidogo, likimfichia uchafu mwingine. Jeupe halingemfichia hata doa moja.

"Hilo utalifua mwenyewe," akasema.

Tirfe akacheka, akadhani ni utani.

Wiki ile watu walikuwa wanawahi kula nyama kabla mfungo haujaingia. Lada ilibeba kondoo, ikabeba mama aliyejifungua na siagi yake, na gabi lilirudi nyumbani likiwa halitazamiki. Asegedech alimwekea mumewe beseni na brashi uani, akavuta kigoda, akakaa. Tirfe alichota maji bombani, baridi kama yalivyo, akaanza kwa mbwembwe. Kisha akawa anasimama kila mara, mkono kiunoni, anapumua. Siagi iliganda ikang'ang'ania pamba. Mkewe alijua tiba yake na hakumwambia. Tirfe alipomaliza gabi bado alikuwa na sponji za viti za kusugua, akaingia garini kwa magoti, akatoka akitambaa kinyumenyume, uso umemshuka.

Akaja akakaa chini karibu na kigoda. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana.

"Asegedech. Kila wiki?"

"Kila wiki."

"Na hukuniambia."

"Nilikwambia. Ukaniletea sabuni."

Tirfe aliitazama mikono ya mkewe iliyolala mapajani, na aibu ikamshika waziwazi. Akafuta vidole kwenye suruali, akatoa simu, akampigia Shibru na kumwambia aje kesho alichukue gari, bei watazungumza.

Asegedech alilia, wala hakujificha. Tirfe akamwachia alie, kisha akaulizia gabi lake la kanisani, kama ndiyo basi tena.

"Maji ya moto na limau," alisema Asegedech. "Siagi haitoki kwa maji baridi."

Hakuinuka kigodani. Tirfe akaenda jikoni kubandika maji.