Aliyevunja Mguu wa Kuku

Juzi nimepata habari kwamba yule mama aliyekuwa akiunga mifupa hapa Cyangugu, mpakani na Congo, amefariki, usingizini, nyumbani kwake, baada ya kula chumvi nyingi. Nililia kidogo, kisha, msomaji wangu, nikacheka, maana nilimkumbuka kuku.

Kwa asiyejua desturi yake: ukimpelekea mtu aliyevunjika mguu, aliuunga na kuufunga kwa vijiti, halafu akavunja mguu wa kuku, akaufunga vivyo hivyo. Siku kuku atakapotembea, nawe utasimama. Dada yangu aliteleza na gunia la maharage pale kwenye daraja la mpakani, Rusizi ya Pili, miaka ile vita vya ng'ambo vilipokuwa vikituletea wakimbizi. Akaungwa, akalala, macho kwa kuku wake. Ndipo wakafika jamaa zetu kutoka Bukavu, wamechoka, hawana kitu. Shemeji yangu, mtu wa ukarimu kupita akili, akakimbilia uani kuwachinjia kuku. Akamkamata nani? Yule asiyeweza kukimbia, jamani!

Mfupa ulishika vizuri, hata picha ya hospitali, tulikompeleka akalazwa, ilionyesha, lakini dada alikataa katakata kukanyaga. Kine wa hospitali, yaani bwana wa mazoezi ya viungo, alikuwa mtu mpole aliyekulia Congo na kurudi baada ya vita vya hapa kwetu. Alimbembeleza kila siku. Goti lilikwisha kuanza kukaza, na alituambia waziwazi kwamba likikaza kabisa, dada hatatembea tena sawasawa.

"Papa, kuku yangu balishaikula," dada alimjibu. "Nitatembea na nini?"

Kine mwenyewe ndiye aliyesema aitwe yule mama. Niliogopa watagombana. Mama akaja, akaketi kitandani, akalikanda goti, akauliza nani alikula kuku. Tukamwambia. Akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Maman, sikiliza. Ule muguu wa kuku niliuvunja juu wewe ulale. Ningekuambia tu 'lala', ungelala? Ungerudia mizigo ku Rusizi. Sasa mimi mwenyewe nakuambia: simama."

Siri ya kazi yake yote aliitoa pale, mbele ya wagonjwa waliokuwa na kuku wao nyumbani. Dada akasimama huku akimtukana kine, na mimi nikashusha pumzi niliyoibana tangu siku ya gunia. Watu hawakuacha kumpelekea kuku, na yeye, mifupa ikishika, aliwapeleka wagonjwa wake kwa kine.

Jana tumemzika, juu kule kilimani. Dada alitangulia, mimi nikihema nyuma. Kwa mama yule nimejifunza kwamba aliyekulaza kwa neno lake ndiye anayepaswa kurudi kukuinua, hata kama itampunguzia heshima. Dada alikuwa amebeba kwapani kuku wa kuwapa wafiwa. Tulipofika uani kwao aliinama, akakunja goti lile lile, akamfungua kamba miguuni na kumwacha atembee.